Kumchukua Mbwa Aliyeokolewa: Maandalizi, Siku za Mwanzo na Matunzo Yake

Mbwa anayekutwa kwenye kituo cha kutunza wanyama amefika hapo kwa njia mbalimbali: huenda alizaliwa jalalani na mama asiye na mwenyewe, aliachwa na wapangaji waliohama, aligongwa na gari akaokotwa na msamaria, au aliletwa na mwenyewe aliyechoshwa naye. Njia aliyopitia huathiri sana namna atakavyoishi nawe katika miezi ya mwanzo, na ndiyo maana anayetaka kumchukua anapaswa kuuliza habari zake kabla ya kupendezwa na rangi ya manyoya yake. Mwongozo huu unamlenga msomaji wa mijini na vitongojini mwa Afrika Mashariki, awe ana ua wake mwenyewe au anashiriki ua na wapangaji wengine.

Jambo la kwanza la kuamua ni kwamba unamtaka mbwa kwa ajili gani. Kwetu mbwa wengi hutafutwa kwa ajili ya ulinzi, na kibao cha «Mbwa Mkali» huweza kuning'inizwa getini hata kabla mbwa mwenyewe hajapatikana. Si kosa kutaka mlinzi, lakini ni kosa kudhani kwamba ukali hupatikana kwa kumfunga mbwa mnyororo mchana kutwa, kumnyima chakula au kumtenga na watu wa nyumbani. Mbwa aliyelelewa hivyo huwa mwoga, na mbwa mwoga huuma ovyo, akianza na mtoto wa jirani aliyeingia kufuata mpira, huku mwizi akimnyamazisha kwa kipande cha nyama. Mbwa anayewajua watu wake na kuuona ua kuwa ni kwake hubweka mgeni anapokaribia bila kufundishwa na mtu, na katika nyumba nyingi kubweka huko ndiko ulinzi unaohitajika. Ikiwa shughuli yako inahitaji mbwa wa kumkamata mtu, mbwa wa kituoni si jibu lako. Tafuta kampuni ya ulinzi yenye mbwa waliofunzwa kazi hiyo.

Baada ya hapo, zungumza na kila mtu anayeishi nyumbani, pamoja na dada wa kazi, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye atakayempa mbwa chakula na kusafisha kinyesi chake ingawa hakuulizwa kama anamwogopa. Ikiwa umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Katika nyumba za pamoja, hasa Pwani na Visiwani, kumbuka kwamba majirani Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo. Uislamu unaruhusu kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo, na kumtendea mema mnyama ni jambo linalosisitizwa. Hata hivyo, jirani ana haki ya kutolambwa nguo anapokwenda kuswali. Uzio imara, banda lililo mbali na njia ya watu na mazungumzo ya adabu mapema huzuia ugomvi ambao baadaye ungeweza kumfanya mbwa awekewe sumu. Pia ulizia katika ofisi ya kaunti au halmashauri yako kuhusu leseni ya mbwa, maana maeneo mengi yanayo masharti hayo hata kama hayafuatiliwi kila siku.

Kwenda kituoni

Nchini Kenya kituo kinachojulikana zaidi ni cha KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama, ambacho historia yake inaanzia mwaka 1910. Makao yake yapo Karen jijini Nairobi, na kina vituo vingine Naivasha na Mombasa. Upande wa Tanzania, watu wa Arusha na vitongoji vyake wanakifahamu kituo cha Mbwa wa Africa. Popote utakapokwenda, tarajia kuhojiwa: una uzio, nani hushinda nyumbani, una mbwa wengine, na yule wa zamani alipatwa na nini. Kituo makini huweza pia kumtuma mtu kuja kuona mahali unapoishi. Wapo wanaokasirishwa na maswali hayo, wakiona kwamba wao ndio wanaosaidia. Kwa maoni yangu, kituo kinachokukabidhi mbwa bila kukuuliza lolote ndicho cha kutiliwa shaka.

Nawe uliza ya kwako. Amechanjwa nini na lini, na kadi ya chanjo iko wapi? Amehasiwa au kufungwa kizazi? Aliwahi kuugua ugonjwa gani hapo kituoni? Anaishije na mbwa wengine, paka, kuku na watoto? Mhudumu anayemlisha kila siku anajua mengi kuliko fomu, hivyo mtafute na umsikilize bila haraka.

Unapomwangalia mbwa, usivutiwe tu na yule anayeruka juu ya wavu. Keti pembeni, geuza ubavu badala ya kumkabili, usimkodolee macho, uone atakachofanya. Mbwa anayekuja kunusa mkono, akaondoka, kisha akarudi mwenyewe, kwa kawaida huleleka kwa urahisi. Anayebana mkia, kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo au kugeuza kichwa huku akikutazama kwa pembe ya jicho anakuambia kwamba ana hofu; anaweza kuwa mbwa mzuri sana, ila anahitaji nyumba tulivu na mlezi mwenye subira. Mpeleke nje ya banda kwa kamba kabla ya kuamua, kwa sababu kelele za kituoni humbadilisha mnyama. Ikiwa una watoto wadogo au unakwenda kazini kila siku, mfikirie mbwa mkubwa wa miaka miwili au mitatu ambaye tabia yake tayari inaonekana, kwani kijibwa cha miezi miwili kinahitaji mtu wa kukaa nacho karibu saa zote. Usimdharau mbwa wa kienyeji: manyoya yake mafupi yanafaa kwa joto letu, na umbo lake la wastani halihitaji chakula kingi kama mbwa wakubwa wa kizungu.

Siku za mwanzo

Kabla hajafika, ziba matundu ya uzio, ondoa sumu ya panya, na tengeneza banda lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye paa lisilovuja na kivuli mchana. Mchukue siku ambayo hutoki, wala usialike watu kuja kumtazama. Mwonyeshe kwa kamba mahali pa haja, maji na banda, kisha mwache. Atakapojificha chini ya gari au nyuma ya tangi, usimvute. Weka chakula karibu, uondoke. Walezi wengi hufuata kipimo cha tatu-tatu: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Kipimo hicho si sheria, lakini humzuia mtu kukata tamaa siku ya pili.

Katika kipindi hiki geti ni hatari kuliko kitu chochote. Mbwa asiyekujua akitoka hatarudi, kwa kuwa hajui kwamba hapo ni kwake. Mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu tangu siku ya kwanza, na umfunge kamba kila geti linapofunguliwa kwa gari. Watoto wafundishwe kutomgusa anapokula au kulala na kutomkumbatia shingoni. Mbwa akinguruma, usimpige: mngurumo ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya.

Kuhusu haja, mtoe asubuhi anapoamka, kila baada ya kula na kabla ya kulala, mahali pale pale, na umsifu papo hapo anapomaliza. Kumsugua pua kwenye mkojo wake humfundisha tu kujificha.

Afya

Mpeleke kwa daktari wa mifugo katika wiki ya kwanza hata kama kituo kilimpima, ili pawepo mtu anayemjua siku atakapougua usiku. Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo isiyokuwa na mjadala. Karibu visa vyote vya kichaa kwa binadamu, takriban asilimia 99, hutokana na mbwa, na Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake wamelenga kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa utaratibu wa daktari. Katika maeneo mengi idara za mifugo huchanja bure au kwa bei nafuu karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Vijibwa vinahitaji pia chanjo ya parvo na ya distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua vijibwa, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, ikirudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya kumi na sita. Parvo inastahili tahadhari ya pekee kwa sababu virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Ikiwa kijibwa kilikufa uani kwako kwa kuhara damu, usilete kingine ambacho hakijamaliza chanjo. Sakafu ya saruji huweza kuoshwa kwa sabuni, kisha kwa klorini ya kufulia iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji. Udongo hausafishiki kwa njia hiyo.

Kupe huleta homa inayomfanya mbwa apauke fizi, akatae chakula na kulegea, na ikicheleweshwa humuua. Wengi huogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe wakikadiria kwa jicho, nao humdhuru. Dawa na kipimo vitoke kwa daktari. Kadhalika upele hautibiwi kwa oili chafu ya gari, ambayo hupenya ngozini na anapojilamba huingia tumboni. Mbwa waliozurura mitaani huweza pia kuwa na uvimbe unaotoa damu sehemu za siri, ambao huambukizwa kwa kupandana. Huonekana wa kutisha, lakini wengi hupona kwa sindano za kila wiki. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki mbili kwa vijibwa vichanga, na kwa wakubwa kila baada ya miezi mitatu.

Ikiwa hajafungwa kizazi au kuhasiwa, panga upasuaji huo akishatulia na kupata mwili. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tu, na jike mmoja aliyeachwa azurure ndiye chanzo cha vijibwa vinavyotupwa sokoni ndani ya boksi.

Chakula

Endelea kwa siku chache na chakula alichokizoea kituoni, kisha ubadilishe polepole. Ugali kwa dagaa, mabaki ya nyama na mboga zilizochemshwa unaweza kumkuza mbwa vizuri ikiwa protini haikusahauliwa. Ugali mtupu haumtoshi. Aliyekonda sana apewe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kwa sababu mlo mkubwa wa ghafla humletea madhara. Mifupa ya kuku iliyopikwa, chokoleti, zabibu, vitunguu maji na vitunguu saumu asipewe kabisa. Mapafu na maini kutoka machinjioni yachemshwe yaive, na yenye malengelenge ya maji yafukiwe au kuchomwa, kwani mbwa akiyala mabichi hupata minyoo tegu ambayo mayai yake yakimwingia binadamu humsababishia uvimbe ndani ya mwili. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ni mojawapo ya maeneo yaliyoathirika sana na ugonjwa huo.

Nisisitize jambo moja ambalo hufanywa kwa nia njema: mahindi yaliyoota ukungu yasiwe fungu la mbwa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliyoua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 humharibu mbwa ini kwa wepesi mkubwa, na kupika hakuiondoi.

Ukimwokota mwenyewe barabarani

Wengine hawamfuati mbwa kituoni. Mbwa huwafuata wao. Ukimkuta anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza, anayeyumba au anayeuma chochote kilicho mbele yake, usimkaribie. Waite maofisa wa mifugo. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake pilipili wala majivu, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza hakuna tiba ya kutegemewa. Mbwa mtulivu umtenge na wanyama wako kwa angalau wiki mbili, umfikishe kwa daktari, na utangaze picha yake mtaani, kwani huenda kuna mtoto anayemtafuta.

Pia panga mapema nani atamtunza unapokwenda kijijini mwezi Desemba. Kumwachia mlinzi gunia la unga na kumwambia «utamwangalia» si mpango. Mwachie fedha za chakula, namba ya daktari na kadi ya chanjo. Na iwapo baada ya miezi kadhaa ya juhudi mbwa na nyumba yako havikupatana, mrudishe kituo kilekile pamoja na maelezo ya kweli kuhusu alichoogopa, aliyemuuma na alichokuwa akila, ili familia inayofuata ijue inampokea mbwa wa namna gani.