Umeneja wa hoki ya barafu ukiwa Malindi: daftari kwanza, drafti baadaye

Tuelewane kwanza, drafti ninayosema hapa si ile ya vifuniko vya soda tunayocheza barazani mpaka mtu akasirike apindue ubao. Hii ni ya NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, timu 32 zinachagua vijana kwa zamu mwisho wa Juni, raundi saba, wengi wao miaka 18 tu. Sisi watu sita hapa Malindi, na barafu tunayoijua ni ya kuwekea samaki, tuna mchezo wetu: kila mtu ashike timu, aandike kwa daftari atakachofanya msimu ukifungwa kabla meneja mwenyewe hajafanya, halafu tunapeana pointi. Mwaka wa kwanza niliburuta mkia, kwa hivo nisikizeni.

Kosa langu lilikuwa kukesha. Drafti kwetu inaanza saa nane usiku, nikakaa na chupa ya kahawa kungojea vijana ambao wengi hawatacheza ligi hiyo miaka miwili mitatu, na wengine hawatacheza kabisa. Huyo ni mche wa mnazi bana, ukipanda leo usikae chini yake kesho na glasi ukisubiri dafu.

Anza na pesa. Chora mistari 23, manake kikosi hakizidi hao, andika jina, mshahara na mwaka mkataba unaoisha, kisha jumlisha. Kikomo cha mishahara, yani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuizidi, msimu wa 2025-26 kilikuwa dola milioni 95.5, na ukishalipa nyota wako wawili watatu utashangaa kilichobaki.

Sasa tafuta wanaomaliza mkataba. Kuna walio huru kabisa, hao wataenda wanakotaka, na kuna wadogo ambao timu bado ina haki nao, na hapa ndo watu wanalala. Agosti 2024 Edmonton Oilers walikuwa wamebanwa na kikomo, St. Louis Blues wakawapelekea ofa vijana wa Oilers, Philip Broberg na Dylan Holloway, wote wawili siku moja! Oilers walikuwa na siku saba za kulipa kiasi kilekile wabaki nao, wakashindwa, wakaambulia nafasi mbili za drafti, ya raundi ya pili na ya tatu. Kwa hivo hao wadogo wape mkataba mapema, kabla hujaanza kutongoza wa nje.

Kumlipa mchezaji aende zake, fikiria mara mbili. Aliyefika miaka 26 unampa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, kwa miaka mara mbili ya ile iliyobaki, na deni linakaa kwa kikomo chako. Minnesota Wild waliwafanyia hivo Zach Parise na Ryan Suter 2021, matokeo yake msimu wa 2023-24 na wa 2024-25 zaidi ya dola milioni 14 kila msimu zilikaliwa na watu ambao hawapo.

Hapo ndo uende kwa drafti. Usichague kwa kuangalia pengo la leo, chukua mwenye kipaji zaidi, manake akikomaa pengo litakuwa kwengine. Makipa wanachelewa sana kuiva, raundi ya kwanza mimi siwagusi. Na usidharau za mwisho, Pavel Datsyuk, aliyekuja kuwa nyota, alichukuliwa wa 171 mwaka 1998. Kushika mkia pia hakukupi nafasi ya kwanza moja kwa moja, kuna bahati nasibu, 2025 New York Islanders walitoka nafasi ya kumi wakaruka mpaka ya kwanza wakamchukua beki, Matthew Schaefer.

Soko la walio huru linafunguliwa 1 Julai, kwetu saa moja jioni, kati ya magharibi na isha, na tukirudi kutoka msikitini mabeki wazuri washaisha. Daftari lifungwe kabla ya adhana ya magharibi, ukiongeza jina baadaye hatukuhesabii, tushagombana sana kwa hilo.