Kuhiji Mombasa: tafuta mwenyeji kabla ya tiketi

Juzi nimemaliza kumsaidia mama mmoja wa kanisani kwetu kupanga safari ya waumini 12. Naandika nilivyomweleza.

Hatua ya 1: Siku. Fika Ijumaa, ondoka Jumatatu. Jumapili lazima iwemo.

Hatua ya 2: Mwenyeji. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilipoleta vijana wetu mara ya kwanza, tulifika kanisa moja Jumamosi saa nne asubuhi tukakuta kufuli. Mwenye funguo yuko matangani, simu imezimwa. Tulikaa chini ya mwembe hadi saa tisa, watoto wanalilia maji. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimempigia mtu.

Basi fanya hivi. Kasisi au padre wako aandike barua yenye muhuri, imfikie katibu wa kanisa unalokwenda wiki tatu mapema. Kisha mpigie. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi, mtu anataka kusikia sauti ya mgeni wake. Usipige Jumapili asubuhi. Uliza funguo ziko kwa nani, na nani atazishika huyo akitoka. Uliza kama kuna harusi. Siku mbili kabla piga tena, maana msiba hauna ratiba. Ukiwa Mkatoliki, uliza jumuiya ndogondogo inasali siku gani na nyumbani kwa nani, kwa sababu kule ndiko watu hukaa wakazungumza. Kwao utaanza na "Tumsifu Yesu Kristo". Kwa Waanglikana na Wamethodisti, "Bwana asifiwe".

Hatua ya 3: Mjini. Anzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Wasimulie wenzako kabla ya kuingia: Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa Jerónimo, aliuacha Ukristo akaiteka ngome. Wakristo waliokataa kuikana imani waliuawa, Wareno na Waafrika pamoja. Bila habari hiyo wataona kuta na mizinga tu. Kutoka hapo tembeeni hadi barabara ya Nkrumah, yaliko makanisa makuu ya Waanglikana na Wakatoliki.

Hatua ya 4: Ng'ambo ya Nyali. Shukeni Kengeleni muione kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Halafu nendeni kwenye kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Johann Krapf. Alifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, na kitoto chake kichanga kikamfuata. Hapo mimi hukaa kimya, sihubiri.

Hatua ya 5: Rabai, Jumapili. Matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda. Sipendi gari la kukodi: ndani ya matatu abiria atakuuliza mnakwenda wapi, na mara nyingi naye anakwenda kanisani. Johann Krapf na Johannes Rebmann walianza misheni hapa 1846, na leo kuna jumba la makumbusho. Muwahi ibada kwanza, makumbusho baadaye.

Ibada ikiisha msikimbilie picha. Kaeni na wazee, mkikaribishwa chai mnywe. Bebeni sukari na majani ya chai muwakabidhi akina mama wa jikoni. Kuwe na daftari moja: kila mgeni aandike jina la mwenyeji mmoja na jambo analoomba aombewe. Mkirudi nyumbani lisomwe kanisani kwenu Jumapili inayofuata, na jioni yake mumpigie katibu.