Somo: Kuchagua paneli ya kuendeshea pointi za reli ndogo ya mfano

Wengi mnaanza na paneli. Mnaona picha ya swichi zimepangwa, taa nyekundu na kijani, mnaagiza. Anzeni chini ya meza: mota iliyofungwa kwenye pointi, yaani pale reli inapogawanyika na treni kubadili njia, ndiyo inayoamua swichi gani ikae juu.

Hatua ya 1: Ijue mota yako. Ya koili mbili, kama Peco PL-10, hupiga "tak!" na kutaka umeme mwingi kwa nukta moja tu. Ya polepole, kama Tortoise, husukuma pointi taratibu kisha hukwama makusudi huku umeme wa volti 12 ukiendelea kuingia. Ikikwama hula miliampea kama 16, kwa hiyo haiungui.

Hatua ya 2: Swichi. Koili inataka kitufe cha kubonyeza, au swichi inayorudi katikati ukiiachia. Ukiweka swichi ya kubaki, yaani inayokaa pale ulipoisukuma, utanusa koili ikiungua kabla hujaona moshi. Ongeza CDU: ni kapasita inayojichaji na kumwaga umeme kwa mkupuo mmoja, hivyo hata kidole kikizubaa kwenye kitufe, koili inapona. Mimi siuzi paneli ya koili bila hiyo.

Tortoise inataka swichi ya kubaki ya miguu sita, DPDT. Mota kwenye miguu ya kati, umeme kwenye miguu ya upande mmoja, halafu unaunga msalaba kwenda upande wa pili ili chanya na hasi zipishane. Mafundi redio hapa Arusha ukisema "ya miguu sita" wanakuelewa.

Hatua ya 3: Chora stesheni juu ya paneli, kila swichi ikae pale pointi ilipo. Anayetengeneza stesheni ya Kahe, ambapo reli ya Voi inaungana na ya Tanga–Moshi, hana ujanja, lazima achore. Lebo kama "P4" peke yake haimwambii mgeni kitu.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Niko Moshi. Umeme ukikatika, nitajuaje pointi zimelala wapi?

Marahaba. Kwa Tortoise, angalia kipini cha swichi. Hata ukikigusa gizani, umeme ukirudi mota itakifuata. Kitufe cha koili hakikumbuki chochote. Funga swichi ndogo kwenye mota yenyewe, hiyo ndiyo iwashe taa.

– LED nitumie rezista gani?

Volti 12, kilo-omu 1. Kwenye Tortoise unaweza kupachika LED mbili zilizogeuziana mgongo kwenye waya wa mota, bila rezista. Mota inabana mkondo yenyewe.

– Kaka, kitufe kimoja kinaweza kupanga njia nzima ya yadi?

Kwa koili, ndiyo, ukitumia matriksi ya daiodi, yaani daiodi zilizopangwa ili kitufe kimoja kipeleke umeme kwenye koili kadhaa bila umeme kurudi kwenye njia nyingine. Chukua za ampea 3, mfano 1N5401, na CDU yenye nguvu, maana koili kadhaa zinapigwa kwa pamoja. Jaribu kwanza na pointi mbili.