Kumpiga mtoto picha ndani ya nyumba kwa mwanga wa dirisha

Nyumba nyingi za Mtwara na Lindi zina madirisha madogo yenye nondo na wavu wa mbu, na sebule huwa na giza hata jua linapowaka nje, ndiyo maana wazazi hukimbilia taa ya darini au flashi ya simu. Taa ya darini humtia mtoto vivuli chini ya macho, na flashi hung'arisha paji la uso na kuchora kivuli kikali ukutani. Dirisha moja linatosha, mradi mtoto asogezwe karibu nalo.

Chagua dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Kwa kuwa Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini tangu mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka dirisha la kusini ndilo lenye mwanga laini. Desemba hali hugeuka. Ikiwa dirisha ulilonalo lina jua, tundika shuka jeupe jepesi mbele yake.

Mkalishe mtoto kama mita moja kutoka dirishani, uso ukiwa umeelekea mwanga kwa mshazari, wala asilipe dirisha mgongo. Usimrudishe ndani sana, kwani mwanga hupungua upesi kwa kila hatua. Mtazame machoni: ukiona mraba mdogo mweupe wa dirisha ndani ya mboni zake, amekaa mahali pake. Zima taa zote, kwa sababu balbu ya manjano ikichanganyika na mwanga wa nje huupa uso rangi mbili. Shavu lililo gizani huangazwa vizuri na karatasi nyeupe ya manila inayoshikwa na mtu upande huo.

Mandhari ya nyuma ndiyo inayoharibu picha nyingi, na kwa maoni yangu ukuta wa rangi ya mafuta unaongoza, maana hung'aa, na ukiwa wa kijani humtia mtoto ukijani shavuni. Kanga nayo ni nzuri, lakini mtazamaji atasoma jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kabla ya kumwona mtoto. Mkeka wa ukindu usio na nakshi nyingi, au kitambaa cha rangi moja iliyofifia, hufaa zaidi. Mweke mtoto mbali na ukuta, mita moja na nusu ikiwezekana, kisha uondoe ndoo, nyaya za runinga na nguo zilizotundikwa.

Shuka jeupe nyuma ya mtoto mwenye ngozi nyeusi huhitaji uangalifu, kwa kuwa simu huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso ukabaki mweusi bila sura. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha uongeze mwanga kwa kutelezesha kidole hadi macho yaonekane, hata kama shuka litapoteza mikunjo yake.

Futa lenzi, piga magoti hadi simu ilingane na macho yake, na umpe karanga za kumenya ikiwa ni mkubwa wa kutosha, maana mtoto aliyetulizwa na kazi ya mikono hatoki na ukungu pichani. Akiwa amevaa sare, ficha nembo ya shule kabla ya kuisambaza picha.