Sablaje bila kumwangia jirani vumbi: vile tunafanya huku Lubumbashi

Ukipita asubuhi ku ma-atelye ya basudere huku Lubumbashi utasikia ile kelele ya fyuuuu, ile njo sablaje: kupiga chuma na muchanga ao mbegu ngumu kwa upepo wa nguvu, kutu na rangi ya zamani vitoke. Bantu banaleta bene ya kamyo ya mine, matanki, matiyo, vyote kutu tupu, na banataka chuma itoke nyeupe juu rangi mupya ishike. Kazi inalipa lakini inachafua. Mi nilielewa vile inachafua siku mama jirani alikuja na kitunga ya mihogo yake, alikuwa aliianika inje, imegeuka rangi ya kutu yote. Akaniwekea kitunga mu mikono akasema "Papa, kula." Nililipa mihogo, kisha njo nikaanza kubadilisha kazi pole pole.

Kitu ya kwanza kabisa: acha muchanga. Najua ni bei ya chini na kila muntu anajua fasi ya kuupata, lakini muchanga ukipigwa ku chuma unapasuka, inatoka vumbi ya silika ndogo sana macho haiioni, inaingia mu mapafu na haitokake tena. Ugonjwa yake inaitwa silikozi, dawa ya kuiponyesha haina. Uingereza walikataza muchanga wa silika mu kazi kama hii tangu 1949, na mu 1997 ile shirika ya utafiti wa kansa, IARC, ikaweka vumbi ya silika mu kundi la kwanza la bintu bya kuleta kansa, sisi bado tunafunga kitambaa ku mdomo tunasema iko sawa. Haiko sawa. Na tena muchanga unatumika mara moja tu, tanki ikiisha unabakia na mulima ya takataka na kesho unarudi kuchimba mungine ku muto.

Kuko na benye watasema basi tuchukue ile makapi meusi ya Terril, ule mulima ya takataka ya kiwanda ya shaba ya huku mujini. Kweli, ulimwengu mzima bantu banasabulaka na makapi ya shaba. Lakini fikiria ile mulima imetoka wapi: ni ya fuluneza iliyotoa shaba ya kwanza mu 1911, na ndani kobalti imebakia mpaka bantu bakajenga kiwanda ya kuifata tena. Sasa hiyo unataka kuipulizia mu kartye, juu ya nguo za bantu? (Na mulima iko na mwenyewe, usisahau.)

Sisi tulienda ku grenaye ya chuma, ile mbegu ndogo ndogo za chuma ngumu. Bei inauma, sidanganye. Lakini hesabu vizuri: muchanga mara moja, garneti (muchanga ya jiwe ngumu) mara tatu ao tano, grenaye ya chuma inarudi mamia ya mara mbele ya kuisha. Paka tu uiokote. Hapo njo kazi yenyewe iko, juu grenaye yenye kupotea mu majani ni makuta yenye kupotea na ni uchafu pia. Tulichukua kontena ya zamani ya futi 40, tukasafisha chini, tukafunga ndani na kauchu ya mikanda ya mine, ile bale wanatupaka ikikatika, grenaye ikigonga kauchu inaanguka karibu, haitoboe ukuta na kelele inapunguka. Mlango unafungwa mbele ya kuanza. Ikiisha kazi tunakusanya, tunapitisha mu kichungio, kisha tunaiacha ianguke kama pazia nyembamba mbele ya feni ya kuvuta: vumbi na vipande vya rangi vinaenda na upepo, grenaye nzito inaanguka mu pipa. Feni ikivuta sana itakula grenaye muzuri, ikivuta kidogo vumbi inarudi ndani, unaregla mpaka unapata.

Mafuta na grisi osha kwanza, kila mara. Grisi ikiingia mu grenaye unaipakaza ku kila kazi yenye kufuata, na filtri zinaziba. Wakati ya mvua, kuanza novemba, funga grenaye mu pipa yenye kifuniko na toa maji mu kompresere kila siku, la sivyo inashika kutu na kuwa jiwe moja.

Sasa upepo. Hapa njo mazutu inakwendaka, juu SNEL, kampuni ya umeme, ikikata tunawasha grupu (jenereta), na litre moja ya mazutu ikiungua inatoa karibu kilo 2,6 za hewa ya kaboni. Bize (ile mdomo ya kutolea upepo na grenaye) yenye tundu ya milimita 9,5 ku presha ya bari 7 inakula karibu metre kibu 5,5 kwa dakika. Ikiliwa mpaka 12,7 inakula karibu mara 1,8 ya ile, kompresere inalia, presha inashuka, na kazi haiendi mbio. Pima na meshi ya kutobolea (ile ya perseze): ikipanuka milimita moja na nusu, tupa. Tafuta na matundu ku matiyo, tundu moja ya milimita 3 tu inatoa zaidi ya litre 500 kwa dakika, kwa bure. Kama kazi yako ni vyuma vya namna moja kila siku, kwa mfano makornyere (vyuma vya pembe), machini ya turbini ni muzuri zaidi juu inatupa grenaye na gurudumu, haina lazima ya upepo wa kompresere.

Na usisabule kupita kipimo. Rangi nyingi zinaomba Sa 2½ tu (kipimo ya usafi wa chuma: karibu nyeupe yote), kutafuta Sa 3 (nyeupe kabisa) ni saa nyingi zaidi, mazutu nyingi zaidi, vumbi nyingi zaidi. Soma karatasi ya rangi.

Filtri ya katrishi, ile ya kukamata vumbi ya feni, weka manometre (kipima presha), ikipanda na kupiga upepo haiisaidie tena, badilisha. Vumbi ya aluminyumu usiichanganye na ya chuma yenye kutu hata siku moja, inaweza kuwaka moto mubaya sana.

Takataka: mbele ya kugusa tanki ya zamani pima rangi, ile nyekundu ya machungwa ya chini mara nyingi ni minyumu, iko na risasi. Ile vumbi inaenda mu pipa ya kufunga, unaandika jina juu yake, haiende mu shimo nyuma ya atelye wala kwa bale ba kufinya matofali. Sisi tunaandika mu bo de komandi (karatasi ya kuagiza kazi) tangu mwanzo kwamba mukiliya anakamata mapipa yake na anayapeleka ku fasi yenye kuruhusiwa. Mine moja ilikataa, tukaacha ile soko. Grenaye yenye kuisha, kama haina risasi, bafonderi (benye kuyeyusha chuma) banainunua.

Kufagia, mwangia maji kidogo kwanza, usipulize na kompresere. Na nguo ya kazi ibakie ku kazi, usiingie nayo ku nyumba kwa batoto.