Namna ya Kutambua kuwa Mgonjwa Wako Anakaribia Kukata Roho

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba bado huwauguza wazee wao nyumbani mpaka mwisho, na aghalabu anayekesha ubavuni mwa mgonjwa ni binti au mkwe ambaye hajawahi kumuona mtu akifa. Maelezo haya ni kwa ajili yake. Yanahusu mgonjwa ambaye maradhi yake yamekwisha kujulikana, kama vile saratani iliyoenea, figo zilizoshindwa au moyo uliochoka, na daktari ameshasema kwamba hakuna tena tiba ya kuyaondoa. Kwa mgonjwa asiyekuwa katika hali hiyo, kulegea ghafla au kutoamka ni sababu ya kumkimbiza hospitali, kwa kuwa sukari iliyoshuka, malaria au maambukizi ya mkojo huweza kumfanya mtu aonekane yumo katika sakarati ilhali anatibika.

Dalili za mwanzo huja taratibu, pengine wiki kadhaa kabla. Mgonjwa hulala sehemu kubwa ya mchana, huchoshwa na mazungumzo, na hula kidogo kuliko alivyokula juzi. Suala la chakula ndilo linalozigombanisha familia: shangazi ameleta uji, jirani ameleta supu ya kuku, na kila mmoja anaamini kwamba kijiko kimoja zaidi kitarudisha nguvu. Mwili unaoacha kazi zake hauwezi tena kukitumia chakula, na kwa kawaida mgonjwa wa namna hii hahisi njaa kama tunavyomdhania. Akitaka, apewe kidogo akiwa ameinuliwa; akifumba mdomo, aachwe. Anayelazimishwa kumeza hupaliwa, chakula kikaingia mapafuni, na hapo aliyemlisha kwa mapenzi huwa amemuongezea taabu.

Anachohitaji zaidi ni kinywa kisichokauka. Chovya pamba au kitambaa laini katika maji safi, ukamue mpaka yasidondoke, kisha upitishe juu ya ulimi, kwenye fizi na ndani ya mashavu, na urudie kila baada ya saa moja au mbili; midomo ipakwe mafuta kidogo. Ikiwa nyumbani pana maji ya zamzam, yatumike hayo, lakini kwa pamba hiyo hiyo wala si kwa kijiko.

Zikibaki siku chache, mkojo hupungua na kukoza rangi mfano wa chai kavu. Mikono na miguu hupoa, na magoti na nyayo huota mabaka ya zambarau. Juu ya ngozi nyeusi mabaka hayo hayaonekani kwa urahisi, hivyo ni bora kugusa kuliko kutazama: anza kwenye vidole vya miguu na upande kuelekea magotini, nawe utahisi baridi ilipofikia. Mfunike shuka nyepesi, kwa sababu blanketi zito humsumbua zaidi.

Baadhi ya wagonjwa huweweseka, hushikashika shuka, au huzungumza na mama yao aliyekwisha kufariki. Usimbishie, mtajie jina lako na umwambie kwamba upo. Akikunja uso au kuguna kila anapogeuzwa, huenda ana maumivu, na akihangaika sana huenda kibofu kimejaa, kwa hiyo mwambieni muuguzi au daktari. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa, ikiwemo morfini, isikatizwe kwa sababu tu hawezi tena kusema. Ulizeni namna nyengine ya kumpa.

Hutokea pia mgonjwa aliyekuwa kimya siku mbili akafumbua macho, akataka chai na kuwauliza wajukuu. Wengi hudhani amepata nafuu na wanaokesha hurudi makwao. Mimi ningeshauri wakati huo utumike kutakana radhi na kuuliza habari za wasia na madeni, kwani nafasi kama hiyo mara nyingi ni ya saa chache tu. Aliyeko Muscat au Dar es Salaam naye apigiwe simu wakati huo huo.

Pumzi ndiyo dalili inayoeleza zaidi kwamba muda umekaribia. Hupanda na kuwa nzito, hushuka, hukatika kwa nusu dakika au zaidi, kisha hurudi. Kooni huweza kusikika mkoromo, ambao ni mate asiyoweza tena kuyameza; unawatisha waliopo kuliko unavyomuumiza yeye. Kumlaza ubavu hupunguza mkoromo huo, jambo linaloafikiana na ada yetu ya kumuelekeza kibla kwa ubavu wa kulia. Kwetu kibla kiko kaskazini, hivyo kichwa kiwe mashariki, na mto uwekwe nyuma ya mgongo. Shahada atamkiwe kwa upole na mtu mmoja, na akishaitamka asirejewe isipokuwa amesema maneno mengine baadaye. Wanaokuja kumkagua wakae ukumbini, waingie wawili wawili, na wachunge maneno yao, kwa kuwa huenda bado anasikia.

Ikiwa mgonjwa amefikia hapo, sioni busara ya kumpandisha boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, kwenda Unguja, isipokuwa daktari amesema wazi kuna jambo litakalomsaidia huko.

Pumzi ikikatika, subirini dakika kadhaa kabla ya kusema amefariki, maana huweza kurudi mara moja au mbili. Kifua kikiwa hakinyanyuki tena, mapigo hayahisiki shingoni na macho hayajibu mwangaza, andikeni saa, mfumbeni macho, mfungeni taya kwa kitambaa kinachopita juu ya kichwa, na mnyoosheni viungo kabla mwili haujakakamaa.