Kumaliza Wasumbufu wa Tangi la Maji ya Bahari, na Pa Kuwatupa

Anayefuga samaki wa baharini Malindi ana bahati ya kuchota maji mlangoni, ila wasumbufu nao huingia humohumo, au wakiwa wamejishika kwenye jiwe la matumbawe. Msimu wa mvua Mto Sabaki humwaga matope hadi ufuo wa mji ukawa kahawia. Maji hayo yaache. Chota bahari ikiwa angavu na maji yamejaa, uyahifadhi gizani wiki mbili kwenye pipa lenye kifuniko, kisha upime chumvi: iwe gramu 35 hivi kwa lita.

Msumbufu mkubwa ni aiptasia, anemoni (mnyama laini mwenye minyiri, anayefanana na ua) mdogo wa hudhurungi anayejificha shimoni ukimgusa. Usimkwangue. Kipande kidogo cha mguu kikibaki jiweni, huota mwingine. Badala yake zima pampu, koroga chokaa safi (kalisi haidroksaidi) na maji yasiyo na chumvi hadi iwe nzito kama dawa ya meno, uivute kwenye sirinji yenye sindano butu. Msogelee taratibu, mdondoshee mdomoni, na akijikunja mzibe kabisa. Subiri nusu saa, fyonza mabaki kwa mpira mwembamba, ndipo uwashe pampu. Chokaa hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), kwa hiyo katika tangi la lita 100 usizidishe watano kwa siku. Ya fundi mwashi haifai, ina uchafu mwingi. Ndimu iliyochujwa nayo huua, mradi sindano iingie mwilini mwake. Ikimwagika nje umepoteza ndimu bure.

Minyoo bapa wekundu ni hatari zaidi wakifa kuliko wakiwa hai, kwani hutoa sumu, na wakifa mamia kwa mpigo samaki nao hufuata. Kwa hiyo wafyonze kwanza, siku kadhaa mfululizo, ukipitisha maji kwenye soksi ya kuchujia. Dawa ya kuwaua ije mwisho, wakiwa wamebaki wachache, huku umeandaa mkaa maalumu wa kuchujia (si wa jikoni) na maji mapya ya kubadilisha robo ya tangi.

Minyoo wa manyoya, kwa upande wao, wengi ni wafagiaji wazuri. Wakizidi, tega chupa yenye matundu na kipande cha nyama ya kamba ndani, uiweke jioni na kuitoa alfajiri. Usiwashike kwa mkono mtupu.

Jiwe lenye palithoa (jamii ya matumbawe laini yenye sumu) usilichemshe kamwe: mvuke wake hubeba sumu inayoweza kulaza nyumba nzima hospitalini. Vaa glavu na miwani, kisha ulizamishe kwenye ndoo ya dawa ya klorini, nje, penye upepo.

Sasa kuhusu kutupa. Baharini hapana, hata kama mnyama alitoka huko. Tangini amekaa maji mamoja na wageni wa nchi nyingine, na magonjwa yao hayaonekani kwa macho. Mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana mwaka 1984 chini ya jumba la samaki la Monaco, kisha ukatambaa hadi pwani za nchi kadhaa za Mediterania. Sisi tuna Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, karibu na mji.

Wanyama na mwani vitie kwenye mfuko, vigandishe saa 48, kisha vifunge mara mbili na kuvitupa na taka za nyumbani. Maji uliyofyonza yatie mililita 100 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa kila lita 10, yakae saa 24. Usithubutu kuichanganya na ndimu wala siki, maana hutoa gesi ya kuua. Baada ya hapo acha ndoo wazi juani siku nzima ili klorini ipungue, kwani nyingi huua bakteria wa shimo la choo, ndipo uyamwage chooni kidogo kidogo. Mtaro wa barabarani usiuguse: mvua ikinyesha, mwisho wake ni ufuoni. Mpira, sirinji na soksi vioshwe kwa dawa hiyohiyo, visuuzwe, vikaushwe juani kabla ya kurudi tangini.